Fidla zilizotisha bila ngoma wala tarumbeta
WAPENZI wa muziki wa filamu hawachoki kujadili kazi ya Bernard Herrmann katika ‘Psycho’ ya mwaka 1960. Mtunzi huyo Mmarekani aliacha ngoma na tarumbeta, akatumia ala za nyuzi pekee.

Mwelekezi Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni yaonyeshwe bila muziki wowote. Herrmann alitunga licha ya agizo hilo, na Hitchcock aliposikia fidla zikilia kama mayowe, alibadili nia.

Anayejifunza kutunga ana funzo hapa. Kompyuta siku hizi humpa okestra nzima, naye hushawishika kutumia kila ala. Ni heri achague chache, kisha ajiulize kila moja inaeleza nini ambacho picha haijaeleza.