Miguu Iliishiwa, Hewa Ikalaumiwa

Tangu Tadej Pogačar wa Slovenia atwae ubingwa wa dunia wa baiskeli jijini Kigali, Septemba 28, 2025, wasomaji wamekuwa wakiuliza swali lilelile: iweje wanaume 165 waanze mbio na wamalize 30 tu? Majibu yanayozunguka vijiweni nayo ni yaleyale. Hewa nyepesi. Asidi iliyojaa misulini. Maji kidogo. Mbaya zaidi, wapo wanaoyageuza majibu hayo kuwa biashara.

Tuitazame barabara yenyewe kwanza. Ni kilomita 267.5, na ukijumlisha vilima vyote wamepanda mita 5,475. Mzunguko wa kilomita 15 ndani ya jiji, kila mara kilima cha uwanja wa gofu, kisha barabara ya mawe ya Kimihurura. Katikati ya safari wakapelekwa Mlima Kigali. Hapo, zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, Pogačar akachomoka. Isaac del Toro wa Mexico aliandamana naye kwa muda, akaachwa, na kilomita 66 za mwisho bingwa akazimaliza peke yake. Alikuwa juu ya baiskeli kwa zaidi ya saa sita.

Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ni kweli kwamba huko mwili hupoteza sehemu ya nguvu zake za juu kabisa. Lakini hewa hiyo waliivuta wote. Remco Evenepoel, aliyeshika nafasi ya pili, ni wa Ubelgiji, nchi ambayo kilele chake cha juu hakifiki mita 700. Tena, wengi wa wasiomaliza waliachwa mbali, wakaona hawana tena cha kugombania, wakatoka. Swali la maana ni kwa nini waliachwa.

Sababu moja kubwa ni glaikojeni, akiba ya wanga. Misuli ya mwanamichezo hubeba gramu 400 hadi 500 hivi, na ini karibu gramu 100. Kwa jumla ni takriban kalori 2,000, wakati mbio kama zile hula 5,000 au zaidi. Mafuta ya mwili yapo tele hata kwa mtu mwembamba, ila huungua polepole mno kwa anayepanda kilima kwa kasi ya ushindani.

Lililo la ajabu ni kwamba msuli haukopeshi. Glukosi ikishaingia kwenye msuli hufungwa fosfeti, na msuli hauna kimeng'enya cha kuifungua ili irudi kwenye damu. Ini linacho. Kwa hiyo mikono ya mwendesha baiskeli inaweza kuwa imejaa akiba huku mapaja yakiwa makavu, na isitoke hata gramu moja ya glukosi kuyaokoa.

Mwaka 1966 wanasayansi wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walilionyesha jambo hili kwa miili yao wenyewe. Waliketi pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja hadi ukachoka kabisa. Kisha wakala wanga kwa wingi siku tatu, huku wakichomwa sindano za kuchukua vipande vidogo vya nyama ya paja. Mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni karibu mara mbili ya mguu uliopumzika. Mtu yuleyule, chakula kilekile, na kila mguu na hesabu yake.

Ndiyo maana mbio ndefu huamuliwa pia tumboni. Utumbo una mlango wa glukosi unaopitisha takriban gramu 60 kwa saa. Ukizidisha, sukari hubaki humo, ikavuta maji, ukaharisha. Fruktosi ina mlango wake. Ukichanganya sukari hizi mbili unafika gramu 90, na siku hizi mabingwa hufika 120. Hawazaliwi hivyo. Utumbo hufundishwa kwa wiki nyingi, kama mapafu na miguu.

Sasa hiyo "asidi ya misuli". Nimechoka kuisikia. Inayolaumiwa ni laktati, na laktati si taka. Tangu miaka ya 1980 George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ameonyesha kwamba misuli na moyo huitumia kama nishati, na ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi inakuwa imerudi kiwango chake cha kawaida. Maumivu ya kesho yake hutokana na nyuzi za misuli zilizochanika kidogokidogo. Anayekuuzia chupa ya "kusafisha asidi" anakuuzia kitu ambacho mwili umeshakimaliza kabla hujafika dukani kwake. Huo ni wizi.

Na maji? Yakizidi, yanaweza kuua. Utafiti uliofanywa kwenye mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa wakiwa na sodiamu pungufu kwenye damu, hasa waliokunywa kupita kiasi.

Ushauri kwa ufupi. Ukiendesha zaidi ya saa moja na nusu, kula mapema kabla njaa haijafika: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi mbivu moja ina kama 25. Kunywa kwa kiu. Ukimaliza, kula wali au ugali mapema. Mwenye kisukari aongee na daktari wake kwanza.

Linaloniuma ni vijana wetu. Wapo wanaopiga kilomita 100 asubuhi wakiwa wamekunywa chai ya rangi tu, na wakizimika kilimani kocha anawaambia hawana moyo. Moyo wanao. Hawakulishwa. Klabu yenye fedha kidogo izitumie kununua ndizi, viazi na mchele kabla ya kununua unga wowote wenye picha ya misuli kwenye kopo.