Brawn GP: Msimu Mmoja, Ubingwa Mara Mbili

Brawn GP ilikuwa timu ya mbio za magari ya langalanga iliyoshiriki msimu mmoja tu, wa 2009, ikatwaa ubingwa wa dunia wa madereva pamoja na ule wa timu, kisha ikauzwa na jina lake likafutwa. Ilitangazwa rasmi tarehe 6 Machi 2009, siku 23 kabla ya mashindano yake ya kwanza, na tarehe 16 Novemba mwaka huohuo ikatangazwa kuwa imenunuliwa na Mercedes. Katika mashindano 17 ilishinda 8. Habari zake husimuliwa mara nyingi kama kisa cha maskini aliyewashinda matajiri. Hiyo ni nusu ya ukweli. Timu yenyewe kweli haikuwa na fedha, lakini gari lake lilikuwa limegharimiwa na mmoja wa watengenezaji wakubwa wa magari duniani. Asiyelijua hilo hawezi kuelewa kwa nini timu ilipaa haraka vile, wala kwa nini ilianza kuishiwa pumzi katikati ya msimu.

Karakana yake ilikuwa Brackley, mji mdogo katika jimbo la Northamptonshire, Uingereza. Mizizi ya timu ilitoka kwa Tyrrell, timu kongwe iliyonunuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kugeuzwa kuwa BAR, ambayo ilianza kushindana mwaka 1999. Honda, iliyokuwa ikiipatia BAR injini, iliichukua timu yote na kuiingiza mashindanoni kwa jina lake kuanzia 2006. Mwaka huo dereva Jenson Button aliipatia ushindi nchini Hungaria, na baada ya hapo mambo yakaharibika. Msimu wa 2007 uliisha kwa pointi 6, wa 2008 kwa pointi 14 na nafasi ya tisa. Fedha zilikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuzielekeza.

Mtu huyo alipatikana Novemba 2007. Ross Brawn, mhandisi wa Kiingereza, alikuwa ameongoza upande wa ufundi katika timu ya Benetton wakati Michael Schumacher alipotwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995, kisha Ferrari wakati dereva huyohuyo aliposhinda mara tano mfululizo, 2000 hadi 2004. Alikuwa amepumzika mwaka mzima kabla ya kuitikia wito wa Honda. Uamuzi wake mkubwa ulihitaji moyo mgumu: aliona gari la 2008 halitibiki, akaamua kuliacha lishindwe na kuhamishia nguvu zote kwenye gari la mwaka unaofuata. Kwa miezi mingi wahandisi wa Brackley na wenzao wa Japani walilipima umbo la gari jipya katika mahandaki ya upepo, huku gari lililokuwa likishindana likiburuza mkia karibu kila wiki ya mashindano.

Hakuchagua mwaka huo kwa kubahatisha. Kanuni za 2009 zilikuwa za kuanza upya. Wasimamizi wa mchezo walitaka magari yaweze kupitana kwa urahisi zaidi, wakapunguza vipande vya kuongoza hewa vilivyokuwa vimejaa kwenye bodi. Bawa la mbele lilipanuliwa, la nyuma likafanywa jembamba na kuinuliwa, na matairi laini yasiyo na mifereji yakarudishwa. Timu zilizokuwa mbele mwaka 2008, Ferrari na McLaren, zilipigania ubingwa hadi kona ya mwisho ya shindano la mwisho, kwa hiyo zilichelewa kugeukia gari jipya. Honda haikuwa na cha kupigania, nayo ikaanza mapema.

Gari la langalanga hukamata barabara kwa msaada wa matairi na hewa pia. Mabawa huisukuma hewa juu, na hewa nayo hulikandamiza gari chini. Lakini kazi kubwa hufanyika mahali ambapo mtazamaji hapaoni, chini ya sakafu. Hewa inayopenya katika nafasi nyembamba kati ya sakafu na lami hukimbia kwa kasi, na hewa inapokimbia kwa kasi shinikizo lake hushuka, hivyo gari hufyonzwa kuelekea chini. Nyuma kabisa sakafu hupinda kwenda juu na kuiachia hewa njia inayotanuka; sehemu hiyo huitwa difyuza. Kadiri njia hiyo inavyotanuka, ndivyo hewa inavyovutwa kwa nguvu kutoka chini ya gari, na ndivyo dereva anavyoweza kuingia kwenye kona kwa mwendo mkubwa bila gari kumponyoka.

Kanuni mpya ziliibana sehemu hiyo. Difyuza ilitakiwa ianzie kwenye mstari wa katikati wa magurudumu ya nyuma, na kimo chake kisizidi milimita 175. Zilitaka pia sakafu, ikitazamwa kutoka chini, isiwe na tundu. Hapo ndipo mwanya ulipoonekana. Sakafu ya magari hayo ilikuwa na ngazi mbili: sehemu ya kati iliyokuwa chini, na sehemu za pembeni zilizoinuliwa milimita 50. Tundu lilikatazwa katika kila ngazi, lakini uwazi uliokaa wima, pale ngazi moja inapokutana na nyingine, hauonekani kwa anayetazama kutoka chini moja kwa moja. Kwa maandishi ya kanuni, uwazi huo haukuwa tundu. Wahandisi wakaupitishia hewa hadi kwenye njia ya pili iliyojengwa juu ya difyuza ya kawaida. Gari likawa na difyuza mbili zilizopandana, na ile ya juu haikubanwa na kikomo cha milimita 175.

Toyota na Williams nazo ziliuona mwanya huo, kila moja kwa njia yake. Brawn alieleza baadaye kwamba mwaka 2008 aliwaambia wakuu wa ufundi wa timu nyingine kuwa kanuni zilivyoandikwa zingezaa mkandamizo mkubwa kuliko uliokusudiwa, akapendekeza zikazwe, wakamkatalia. Tofauti ya gari lake ni kwamba difyuza haikupachikwa mwishoni. Giaboksi, sakafu na bawa la nyuma vilichorwa tangu mwanzo vikiitegemea, na kwa maoni ya wengi waliolichunguza gari hilo, huko ndiko kasi yake ilikotoka hasa.

Tarehe 5 Desemba 2008 Honda ilitangaza kuwa inajitoa. Msukosuko wa fedha duniani ulikuwa umeporomosha mauzo ya magari, na kampuni haikuona sababu ya kuendelea kumwaga mamilioni kwenye mbio huku ikipunguza uzalishaji viwandani. Asipopatikana mnunuzi, karakana ingefungwa. Kwa miezi mitatu wafanyakazi wa Brackley waliendelea kujenga gari ambalo hawakujua kama lingewahi kugusa barabara ya mashindano. Wanunuzi walikuja wakaondoka. Mwishowe Brawn mwenyewe, pamoja na mtendaji mkuu Nick Fry na wakuu wengine wachache, waliinunua timu kwa pauni 1. Honda, ambayo vinginevyo ingebeba gharama kubwa za kuifunga, ilikubali kuchangia fedha za msimu wa kwanza.

Injini ya Honda haikuwemo tena. Mercedes ilikubali kutoa yake, ya silinda 8, baada ya McLaren, mshirika wake mkuu, kutoweka pingamizi. Tatizo ni kwamba chasisi ilikuwa imechorwa kuifuata injini nyingine. Ilibidi sehemu ya nyuma ya chasisi ikatwe na kuungwa upya, na giaboksi ibadilishiwe mkao, kazi ambayo kwa kawaida huchukua miezi na hapa ilifanywa kwa wiki chache. Gari lilibandikwa jina la BGP 001. Lilijengwa kwa idadi ndogo kiasi kwamba ajali mbaya moja ingeweza kuiacha timu bila akiba.

Lilipofika Barcelona kwa majaribio ya Machi lilikuwa jeupe, lenye michirizi myeusi na ya manjano kali, na karibu halina tangazo la mdhamini hata moja. Mara moja likawa la kasi kuliko yote. Baadhi ya wapinzani walidhani limepunguzwa uzito kinyume cha kanuni ili kuwavuta wadhamini. Halikupunguzwa.

Tarehe 29 Machi, katika bustani ya Albert Park mjini Melbourne, Button alianza wa kwanza na mwenzake, Mbrazili Rubens Barrichello, wa pili. Barrichello aliondoka vibaya akarudi nyuma, lakini mizunguko mitatu kabla ya mwisho madereva wa timu pinzani, Sebastian Vettel na Robert Kubica, waligongana wakigombea nafasi ya pili, naye akairudia. Magari mawili ya timu yalimaliza ya kwanza na ya pili katika shindano la kwanza la timu. Mara ya mwisho jambo hilo kutokea lilikuwa mwaka 1954, Mercedes ilipoingia Ufaransa na Juan Manuel Fangio na Karl Kling. Siku zilezile za furaha hiyo, Brackley ilikuwa ikiandaa kupunguza hadi watu 270 kati ya wafanyakazi wapatao 700. Wengi wa walioondoka walikuwa wamelitengeneza gari lililokuwa linashinda, na simulizi za ushindi huo huwasahau mno.

Ferrari, Renault, Red Bull na BMW Sauber walipinga uhalali wa difyuza mbili. Mahakama ya rufaa ya shirikisho la mchezo huo, FIA, ilisikiliza shauri jijini Paris na tarehe 15 Aprili ikaamua kuwa ni halali. Kuanzia hapo kila timu ilikimbilia kutengeneza ya kwake. Haikuwa kazi rahisi: gari la Red Bull, lililochorwa na Adrian Newey, lilikuwa na mpangilio wa springi za nyuma ulioziba nafasi ambayo difyuza ya juu ingekaa, na timu hiyo haikuleta yake hadi Monaco mwishoni mwa Mei.

Muda huo Button aliutumia vizuri. Alishinda Malaysia katika mvua iliyolazimisha shindano kusimamishwa na pointi kutolewa nusu, kisha Bahrain, Hispania, Monaco na Uturuki. Red Bull iliponyoka na ushindi mmoja tu, China. Monaco alilipaki gari mahali pasipostahili baada ya kushinda, akalazimika kukimbia kwa miguu barabarani, helmeti ikiwa bado kichwani, hadi kwenye jukwaa ambako familia ya kifalme ilikuwa ikimsubiri. Baada ya mashindano 7 alikuwa na ushindi mara 6 na pointi 61.

Katika mashindano 10 yaliyobaki alipata pointi 34 na hakushinda tena. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitokana na ule umaskini: karakana iliyopunguzwa watu haikuweza kuleta vipuri vipya kwa kasi ya Red Bull na McLaren. Ya pili ni matairi. Button alikuwa akiendesha kwa ulaini, bila kulishtua gari, na mtindo huo hulinda matairi kwenye joto. Silverstone na Nürburgring, kulikokuwa na baridi, matairi yake hayakupata joto la kutosha kushika lami, na timu haikuwa na nafasi ya kutafuta dawa kwa sababu majaribio ya katikati ya msimu yalikuwa yamepigwa marufuku. Budapest kulikuwa na balaa zaidi: springi ilichomoka kwenye gari la Barrichello ikampiga Felipe Massa wa Ferrari kichwani, naye akakosa mashindano yote yaliyobaki.

Barrichello ndiye aliyeiokoa timu. Alikuwa na miaka 37, na alikuwa dereva aliyeshiriki mashindano mengi kuliko mwingine yeyote. Alishinda Valencia mwezi Agosti, ushindi wa mia moja wa madereva wa Brazili katika langalanga, kisha Monza mwezi Septemba, Button akiwa wa pili. Bila pointi zake Red Bull wangeipita timu.

Hesabu ilifungwa Interlagos, São Paulo, tarehe 18 Oktoba. Mvua iliivuruga siku ya kupanga nafasi za kuanzia. Barrichello akawa wa kwanza mbele ya watu wake, Button wa 14. Button aliyekuwa akiendesha kwa tahadhari tangu Juni aliachana na tahadhari. Ajali za mzunguko wa kwanza zilimsogeza mbele, kisha akawapita wapinzani mmoja baada ya mwingine, akisumbuliwa kwa muda mrefu na Mjapani Kamui Kobayashi aliyekuwa kwenye shindano lake la kwanza. Alimaliza wa tano, na hilo lilitosha. Barrichello alitobokewa na tairi akamaliza wa nane. Siku hiyohiyo timu ikawa bingwa. Msimu ulipoisha Abu Dhabi tarehe 1 Novemba, Button alikuwa na pointi 95 dhidi ya 84 za Vettel na 77 za Barrichello, na timu ilikuwa na 172 dhidi ya 153.5 za Red Bull.

Fedha za Honda zilikuwa za mwaka mmoja, na ubingwa peke yake hauendeshi karakana. Wiki mbili baadaye Daimler, wamiliki wa Mercedes, pamoja na Aabar, kampuni ya uwekezaji ya Abu Dhabi, walinunua asilimia 75.1 ya timu. Sehemu iliyobaki waliichukua mwaka 2011. Button alihamia McLaren, Barrichello akaenda Williams, na viti vyao vikachukuliwa na Nico Rosberg na Schumacher aliyerudi kutoka kustaafu. Difyuza mbili zilipigwa marufuku kuanzia msimu wa 2011. Brawn aliiongoza timu hadi mwisho wa 2013, mwaka ambao dereva Lewis Hamilton alijiunga nayo, na kuanzia 2014 karakana ileile ya Brackley ilitwaa ubingwa wa timu miaka 8 mfululizo kwa jina la Mercedes.