Maji ya Bustani na Sheria Zake: Utangulizi

Upo uwanja wa elimu ambao wengi huupita wakidhani ni kazi ya mtunza bustani na karani wa bili. Unahusu sheria ndogo ambazo miji hujiwekea juu ya maji ya kumwagilia nyasi, maua na miti ya mapambo: siku gani mpira ufunguliwe, saa ngapi, nini kipandwe, nani atozwe faini. Naamini jambo moja kwa dhati, na ndilo litakaloongoza kurasa hizi: sheria ya namna hii haiwezi kuhukumiwa kuwa nzuri au mbaya mpaka tujue maji yakishamwagwa yanakwenda wapi.

Tuanzie Las Vegas, mji wa jangwani unaopata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka Mto Colorado, kupitia Ziwa Mead, na mgawo wa jimbo lake, Nevada, katika mto huo uliwekewa kikomo tangu 1928: karibu mita za ujazo milioni 370 kwa mwaka. Mgeni anayeoga kwa muda mrefu hotelini angeonekana ndiye mfujaji mkubwa. Sivyo. Maji ya bafuni, jikoni na chooni hukusanywa, husafishwa na kurudishwa ziwani, na kwa kila kiasi kinachorudi, mji huruhusiwa kuchota kiasi kama hicho tena. Maji ya nyasi hayarudi. Jua huyavukiza kutoka udongoni, majani huyatoa hewani, na mji hauna cha kudai.

Ndiyo maana macho ya mamlaka ya maji ya huko yalielekezwa kwenye bustani. Tangu 1999 wakazi wamekuwa wakilipwa wang'oe nyasi na kupanda mimea inayovumilia ukame, inayonyweshwa kwa matone. Kwa hesabu ya mamlaka hiyo, kila mita ya mraba ya nyasi inayoondolewa huokoa zaidi ya lita 2,200 kwa mwaka, ilhali mvua huipa mita hiyohiyo lita 100 hivi. Mwaka 2003 nyumba mpya zikakatazwa kupanda nyasi upande wa mbele. Mwaka 2021 bunge la Nevada likaenda mbali zaidi: baada ya 2026, maji ya Colorado hayatatumika tena kwenye nyasi za pambo tu, kama zile za kingo za barabara na mbele ya ofisi. Viwanja vya michezo na nyumba za familia moja havikuguswa. Sheria hiyo naiheshimu kwa sababu imethubutu kuuliza nyasi zinamfaa nani, swali ambalo mita ya maji haiwezi kulijibu.

California ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya 1990 ilizitaka serikali za mitaa zitunge kanuni za bustani au zifuate kielelezo cha jimbo. Kielelezo hicho hakikatazi nyasi moja kwa moja. Huipa bustani mpya bajeti ya maji. Kwanza hupimwa ni maji kiasi gani ambayo hali ya hewa ya mahali hapo ingeyachukua kutoka kwenye uwanja wa nyasi uliostawi vizuri. Kisha bustani ya nyumba huruhusiwa asilimia 55 ya kiasi hicho. Mwenye nyumba akitaka kipande cha nyasi atakipata, mradi sehemu iliyobaki ipandwe mimea isiyo na kiu.

Miji mingi zaidi hugawa siku za kumwagilia, kwani siku ni rahisi kukagua. Lakini mtu aliyepangiwa siku mbili huenda akamwaga maji kupita kiasi siku hizo kwa hofu ya zile asizoruhusiwa. Wachumi waliochunguza mji wa Reno, Nevada, walikuta kwamba waliofuata ratiba kikamilifu walitumia maji mengi kuliko waliojipangia.

Cape Town haikuwa na nafasi ya kuchagua hivyo. Ukame ulipokausha mabwawa yake, kuanzia Februari 2018 kila mkazi alitakiwa atumie lita 50 tu kwa siku, na bomba la mji likapigwa marufuku bustanini. Maji yaliyokwisha kutumika majumbani hayakuwa yakirudi katika mabwawa yale ya milimani, kwa hiyo bafu na bustani vilibanwa pamoja. Anayeinakili sheria ya Las Vegas na kuipeleka mji kama huo ameacha nusu ya upotevu bila kuigusa.

Dar es Salaam nako, anayemwagilia ukoka kwa maji ya kisima kirefu anaweza kujiona yuko nje ya habari hii. Hayuko. Karibu na pwani, kisima kikivutwa kupita kiasi huyakaribisha maji ya bahari, na chumvi haiishii kwenye uzio wa mwenye pampu.

Liko pia suala la miti, ambalo watafiti bado wanalijadili kwa ukali. Mti uliokua ukinywa maji ya nyasi hunyauka nyasi zikikatiwa maji, na pamoja nao huondoka kivuli ambacho mji wa joto hauwezi kukikosa. Je, sheria iuhesabu mti kama mnywaji au kama kinga? Ukitaka kuingia katika mjadala huo, anza na kazi ndogo ya mikono: panga makopo matupu yanayofanana juu ya nyasi, fungua kinyunyizi kwa dakika 15, kisha pima kina cha maji katika kila kopo, ujue nyasi, na mti unaokunywa pamoja nazo, hupata maji kiasi gani.