Majibu ya Kinyama Baada ya Upasuaji (Sehemu ya Tatu)

Sehemu iliyotangulia iliishia pale uvimbe unapotolewa mwilini, na hii inaufuata hadi unapogeuka kuwa karatasi ya majibu, ambayo familia nyingi, iwe Lingeka au Bariadi mjini, huipokea kwa swali moja tu, la kansa au si kansa, ilhali ndani yake mna majibu kadhaa yanayotegemeana.

Ukweli wa majibu hayo huanza kuamuliwa katika saa za kwanza. Kinyama, yaani sehemu ya mwili inayopelekwa maabara kuchunguzwa, hutakiwa kutiwa mara moja katika formalini, dawa inayokizuia kisioze, nayo dawa iwe nyingi kiasi cha mara 10 ya ujazo wa kinyama chenyewe, kwani kikiachwa kwenye joto bila dawa, au kikitiwa katika maji ya chumvi, seli zake hujiyeyusha na hakuna hadubini itakayozirejesha. Kwa hiyo ndugu anayekabidhiwa chupa aifikishe Mwanza, kwenye Hospitali ya Bugando, kwa basi lipitalo Lamadi na Magu, hana budi kuhakikisha kwamba kinyama kimezama katika dawa, na pia kwamba jina lililo kwenye chupa ndilo lililo kwenye fomu.

Ipo historia moja inayoelekea kupingana na kanuni hii. Desemba 1963 kinyama cha uvimbe wa Burkitt, saratani inayoshambulia mara nyingi taya za watoto na isiyo ngeni Kanda ya Ziwa, kilisafirishwa kutoka Uganda kwenda London, ndege ikachepushwa hadi Manchester kwa sababu ya ukungu, na maji yake yakafika yamechafuka. Mtafiti Anthony Epstein akakuta humo seli hai zikielea, na kutokana na seli hizo kikatambuliwa mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr. Hata hivyo kinyama kile kilitumwa kikiwa hai kwa utafiti, wala si kwa uchunguzi wa kawaida.

Maabarani kinyama huondolewa maji kwa alkoholi, huzamishwa katika nta, kisha hukatwa tabaka za unene wa milimita 0.003 hadi 0.005 na kutiwa rangi, kazi isiyoweza kuharakishwa kwa simu za ndugu.

Daktari wa patholojia, anayesoma tabaka hizo, huandika kwanza aina ya uvimbe, halafu daraja, yaani kiasi ambacho seli zimepotoka kutoka umbo lake la asili. Daraja si hatua, maana hatua hueleza umbali ambao ugonjwa umesambaa, na kuchanganya mawili haya kumewakatisha tamaa watu bure. Kisha huja kingo za kinyama: seli za kansa zikionekana hadi ukingoni, huenda nyingine zimebaki mwilini. Tezi za limfu huandikwa kwa hesabu, na 2/14 maana yake ni kwamba tezi 14 zilichunguzwa, 2 zikakutwa na kansa. Maneno “kinyama hakitoshi” nayo si habari njema wala mbaya; yanadai kipimo kirudiwe.

Mazoea ya majibu kusomewa baba mkubwa au kaka huku mgonjwa akifichwa hutokana na huruma, lakini humwondolea kauli yule atakayetakiwa kukubali dawa kali au upasuaji wa pili. Anayepokea karatasi aulize pia namba ya kipande cha nta kilichohifadhiwa maabarani, kwa sababu vipimo vya ziada, kama vile vya homoni kwa saratani ya matiti, vyaweza kufanywa kutokana na kipande hicho bila mgonjwa kukatwa tena.