Tuzifahamu Almasi (4): Ukisoma Cheti, Lisome na Jiwe

Oktoba 2025 maabara ya GIA ya Marekani iliacha kuzipa almasi zinazotengenezwa viwandani madaraja yale yale ya rangi na usafi ambayo huzipa almasi zichimbwazo ardhini. Sasa zinazofuzu hugawanywa katika makundi mawili tu, bora na ya kawaida. Msomaji aliyeanza nasi tangu sehemu ya kwanza anavijua vigezo vinne vya thamani, hivyo sitavirudia. Ninachotaka akione ni kwamba huu ni mwendelezo wa ugomvi wa zamani: nani ana haki ya kulipa jiwe daraja?

Turudi nyuma, maana hapo ndipo penye utamu. Zamani kila mfanyabiashara alikuwa na majina yake. Jiwe jeupe kabisa liliitwa River, kwa kukumbuka changarawe za mitoni. Jingine liliitwa Wesselton, jina la mgodi wa Kimberley, na lenye umanjano likaitwa Cape. Majina hayo angalau yalikuwa na asili. Walioharibu mambo ni watu wa herufi. Huyu aliyaita mawe yake A, jirani akaja na AA ili ampiku, wa tatu akaandika AAA, na huenda mawe yote yalikuwa ya rangi moja. Richard Liddicoat wa GIA alipounda ngazi mpya mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliziruka A, B na C kwa makusudi. Alianzia D hadi Z, ili ngazi yake isichanganywe na herufi zilizokwisha kuchakazwa na uongo. Mwaka 1955 GIA ikatoa ripoti zake za kwanza. Kila nionapo D kwenye cheti, huzikumbuka herufi tatu zilizofukuzwa kazi kwa makosa ya wenye kuzitumia.

Cheti, basi, kilizaliwa ili kumdhibiti muuzaji mwenye maneno mengi. Uongo ukatoka mdomoni, ukahamia kwenye karatasi. Mwaka 2005 GIA yenyewe iliwafukuza wafanyakazi wa maabara yake ya New York katika kashfa ya kupandisha madaraja. Mwaka 2014 soko la mtandaoni la RapNet likakataa mawe yenye vyeti vya EGL, kwa kuwa madaraja yake yalikuwa ya ukarimu kupita kiasi. Angalia: vyeti hivyo havikughushiwa. Vilitolewa na maabara iliyojulikana, na bado vilimpunja mnunuzi.

Tapeli wa leo ana ujanja zaidi. Huchukua namba ya ripoti ya almasi halisi ya ardhini, hutafuta ya kiwandani yenye uzito na vipimo vinavyokaribiana, kisha huichonga namba hiyo kwa leza kwenye ukingo wa jiwe. Ukiitafuta namba kwenye tovuti ya maabara, utaikuta. Kile kipimo cha mkononi cha joto nacho hakitakuokoa, kwani zote mbili ni kaboni na hupitisha joto vilevile.

Kwa hiyo linganisha jiwe na ripoti iliyo kwenye tovuti, si na karatasi uliyopewa. Pima uzito na milimita hadi desimali ya pili. Tazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi kama dosari ziko pale mchoro unapozionyesha. Tofauti ikiwapo, hata ndogo, acha jiwe. Likiwa la bei kubwa, lipelekwe kwa mthamini uliyemchagua wewe, kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Ila tusimlaumu tapeli peke yake. Anayetaka almasi kwa nusu ya bei ndiye anayemlisha. Na Tanzania, nchi iliyotoa jiwe la waridi la Mwadui, karati 54.5, mwaka 1947, inapaswa kuwafundisha masonara wake kusoma jiwe lenyewe kabla hawajafundishwa kusoma vyeti vya wengine.

Sehemu ijayo: nitrojeni, na jinsi mashine zinavyoitumia kutambua almasi ilikotoka.