Karabai ya Mvuvi na Ukubwa wa Ulimwengu

Usiku wa giza katikati ya Novemba, yapata saa tatu, mtu aliyesimama ufukoni Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, akiielekea bahari, aweza kuona mabaka mawili hafifu ya nuru. La kushoto, kaskazini, ni Andromeda. La kulia, kusini, ni Wingu Dogo la Magellan. Macho hayatambui lipi lililo mbali zaidi. Nuru, iendayo kilometa 300,000 kwa sekunde, huchukua takriban miaka 200,000 kutufikia kutoka katika wingu hilo. Kutoka Andromeda huchukua miaka milioni 2.5. Yamejulikanaje hayo, ilhali hakuna kamba ifikayo huko?

Karabai ya mvuvi wa dagaa ikiwa mbali mara mbili, mwangaza wake machoni hupungua ukawa robo. Aijuaye nguvu ya taa aweza basi kukokotoa umbali wake. Lakini nyota hazina nguvu moja.

Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Harvard, Marekani, aliyelipwa senti 30 kwa saa, alieleza habari za nyota 25 za Wingu Dogo zinazong'aa na kufifia kwa vipindi maalumu. Kwa kuwa zote zimo katika wingu moja, umbali wake kutoka kwetu ni karibu sawa, kama taa za kijiji kimoja zionwazo kutoka ng'ambo. Iliyong'aa zaidi, basi, ndiyo yenye nguvu zaidi. Nayo ndiyo iliyochukua siku nyingi zaidi kumaliza kipindi chake. Kuhesabu siku kukawa ndiko kupima nguvu ya taa.

Mwaka 1923 Edwin Hubble aliiona nyota ya namna hiyo katika Andromeda. Ikadhihirika kuwa Andromeda haimo katika Njia Nyeupe yetu, bali ni galaksi nyingine, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota. Mwaka 1929 akaonyesha kuwa kadiri galaksi zilivyo mbali, ndivyo zinavyozidi kasi ya kutukimbia.

Mwanafunzi asidhani kwamba sisi ndio kitovu. Katika unga wa maandazi unaoumuka, kila punje ya iliki huziona nyingine zikijitenga nayo. Ulimwengu nao hutanuka hivyo. Andromeda, hata hivyo, i karibu mno: mvutano umeushinda utanukaji, nayo inatujia kwa kilometa 110 hivi kila sekunde.