Uendelee na ile tamthilia ya upelelezi au uachane nayo? Amua kabla pesa haijakatwa

Ni Jumapili jioni. Umemaliza kipindi cha sita cha tamthilia ya upelelezi, ile ya kuchekesha ambayo mtu anauawa dakika za kwanza na bado unacheka. Si mbaya. Lakini leo umeshika simu mara tatu katikati ya kipindi, na muuaji ulishamjua mapema. Kesho kutwa ni tarehe ya malipo ya mwezi.

Sasa, uendelee au uache?

Hatuko hapa kukuchagulia cha kutazama. Kazi yetu ni malipo, na jambo moja tunalijua vizuri: ukiwa na malipo ya kujirudia, usipoamua, pesa inakatwa kana kwamba umekubali. Basi wacha tuamue pamoja.

Kwanza, angalia imetengenezwa vipi

Tuchukue mfano wa Death in Paradise, tamthilia ya BBC iliyoanza mwaka 2011. Mpelelezi Mwingereza anatumwa kufanya kazi kwenye kisiwa cha Saint Marie, huko Karibea. Kisiwa chenyewe ni cha kubuni, na picha hupigwa Guadeloupe. Mpelelezi wa kwanza, Richard Poole, anavaa suti na tai kwenye jua kali, anatamani chai ya kwao, na nyumba anaishi pamoja na mjusi.

Kila kipindi ni cha takriban saa moja na mpango ni uleule. Mtu anauawa, washukiwa wanahojiwa, mpelelezi anakwama, halafu kitu kidogo kinamfungua macho. Mwishoni anawakusanya washukiwa wote na kueleza nani alifanya nini.

Hii ina maana kwa mfuko wako. Kwenye tamthilia ya mapenzi au ya vita vya familia, ukikosa wiki moja umepotea. Hapa karibu kila kesi inafungwa palepale. Ukisimama leo, hujaacha kesi njiani. Ukirudi baada ya miezi sita, utaelewa tu.

Tena, mpelelezi mkuu hubadilika. Alianza Ben Miller, akafuata Kris Marshall mwaka 2014, Ardal O'Hanlon mwaka 2017, Ralf Little mwaka 2020, na Don Gilet akaingia Desemba 2024. Kwa hivyo kama umechoshwa na uliye naye sasa, usikimbilie kufuta. Mwezi huu umeshaulipia. Tumia siku zilizobaki kujaribu vipindi viwili vya mpelelezi anayefuata. Utakachoharibiwa ni siri ya jinsi yule wa kwanza alivyoondoka, na hiyo hatutaitoa hapa.

Pili, piga hesabu

Misimu 14 ya kwanza ina vipindi 8 kila mmoja, yaani vipindi 112, bila kuhesabu vile maalum vya Krismasi. Tuseme, kwa mfano tu, huduma unayotumia ni Sh500 kwa mwezi na unailipia kwa ajili ya tamthilia hii pekee.

Ukitazama vipindi 2 kwa wiki, hivyo ni 8 kwa mwezi. Utamaliza baada ya miezi 14, na utakuwa umelipa Sh7,000. Ukitazama kimoja kila siku, karibu 28 kwa mwezi, utamaliza kwa miezi 4 na kulipa Sh2,000. Tamthilia ni hiyo hiyo na ada ni hiyo hiyo. Tofauti ya Sh5,000 imetokana na mwendo wako.

Sasa angalia upande mwingine. Kama mwezi uliopita ulitazama kipindi kimoja tu, hicho kimoja kilikugharimu Sh500 nzima.

Usisahau data. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida inaweza kula hadi GB 1 hivi, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Kwa vipindi 112, hiyo ni GB 112 au GB 336. Kama unatumia bando za simu, data inaweza kumeza pesa kuliko ada yenyewe. Ingia kwenye mipangilio upunguze ubora wa video. Kwenye kioo kidogo cha simu, muuaji ataonekana tu.

Tatu, jiulize maswali haya

1. Kama malipo yasingekuwa ya kujirudia, leo ungeingiza PIN yako kulipa tena? Jibu linalokuja haraka ndilo la kweli.

2. Unatazama, au inacheza tu? Kucheza tu si vibaya. Kuna watu inawapa sauti ya nyumbani wakipika, na kuna wanaohitaji kitu chepesi baada ya kazi ngumu. Hiyo ni faida, ihesabu. Lakini kama inacheza kwa sababu umezoea tu, hapo fikiria.

3. Pesa hiyo ina kazi gani nyingine wiki hii? Tokeni za stima, nauli, hela ya chakula cha mtoto shuleni. Kama kuna moja itakosekana, basi tamthilia isubiri. Haiendi mahali.

Wengi hukwama kwenye sababu moja: "Lakini nimeshafika msimu wa tatu, nikiacha si nitakuwa nimepoteza?" Hapana. Pesa ya miezi iliyopita imeshaenda, uendelee au uache. Yaliyopita si ndwele. Unachoamua leo ni kuhusu pesa ya mwezi ujao peke yake.

Ukiamua kuacha, acha vizuri

Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Kuacha salio likiwa chini pia hakusimamishi. Huduma nyingine hujaribu kukata tena baadaye, na siku utakayoweka pesa ya stima ndiyo siku itakayochukuliwa. Fanya hivi:

- Ingia kwenye akaunti yako ya huduma hiyo, tafuta sehemu ya malipo au usajili, na usimamishe malipo ya kujirudia. Kama ulijisajili kupitia duka la programu la simu yako, simamisha huko huko.
- Angalia tarehe utakayoonyeshwa. Huduma nyingi hukuacha utazame hadi mwisho wa muda uliolipia, kwa hivyo huna haja ya kungoja siku ya mwisho.
- Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha kwamba umesimamisha.
- Kama ulilipa kwa kadi ya mtandaoni, angalia taarifa ya malipo mwezi unaofuata. Ukiona umekatwa tena, tafuta namba ya muamala, wasiliana na huduma hiyo kwanza, kisha utupigie.

Na tahadhari: ukipata ujumbe unaosema "malipo yako yamekataliwa, bonyeza hapa akaunti isifungwe", usibonyeze. Ingia mwenyewe kwenye programu uhakikishe. PIN yako haiulizwi na mtu yeyote, hata sisi.

Ukiamua kuendelea

Basi endelea bila kujilaumu. Pesa ya kucheka jioni si pesa iliyopotea, mradi umeichagua. Unaweza pia kulipa mwezi mmoja, utazame msimu mmoja au miwili, usimamishe, halafu urudi likizo. Tamthilia ambayo kila kesi inafungwa siku hiyo hiyo inaruhusu mtindo huo.

Vyovyote utakavyochagua, weka ukumbusho kwenye simu siku 3 kabla ya tarehe ya malipo, na uandike tu: "Bado naitaka?" Ukijibu ndiyo, pesa itakatwa ukijua.